Baba anasema koleji ni ya waliofeli

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni msichana wa miaka 19, naishi Malindi. Nilifanya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, mwaka jana nikapata A-, alama ambayo skuli yetu ya kutwa haikuwa imeiona kwa muda mrefu. Tangu utotoni nataka udaktari, lakini pointi hazikutosha. KUCCPS, wale wanaogawa nafasi za vyuo, imenipa uuguzi katika chuo kikuu kimoja cha umma na natakiwa kuripoti Septemba.

Mwezi uliopita binamu yangu wa Nairobi alinitumia orodha ya vyuo vidogo vya Marekani: Amherst, Bowdoin, Grinnell, Mount Holyoke. Anasema ukiingia wanakulipia kila kitu mpaka nauli ya ndege. Nimekuwa nikivisoma kwa simu usiku hadi bando linaniishia. Nilipomwambia baba, aliweka chini kikombe cha kahawa akaniuliza, "Koleji? Kwani koleji si ya waliokosa alama za chuo kikuu? Una A- halafu urudi nyuma?" Baba ni mvuvi, mtu mpole, lakini ameshawatangazia wenzake wote pwani kwamba binti yake ni wa chuo kikuu. Mama naye hana shida na jina la koleji. Yeye anauliza nitakula nini, nitaswali wapi, na nani atajua nikiugua. Kisha analia.

Kuna bwana mmoja ana ofisi Mombasa. Anataka shilingi 150,000 na anasema nafasi ni ya uhakika. Insha ataandika yeye, na barua za walimu "atazishughulikia mwenyewe". Amenionya kwamba kwenye fomu nisiseme naomba msaada wa karo, kwa sababu wakijua sina pesa watanikataa. Niingie kwanza, mengine baadaye. Insha anataka iwe ya umaskini, tena wa kutoa machozi. Mama yuko tayari kuuza bangili zake.

Mwalimu, sisi si maskini wa kulala njaa. Mama anauza mahamri na mbaazi, nami naamka saa kumi alfajiri kukanda unga na kumsaidia kuchoma. Ndiyo sababu sijawahi kuwa katika klabu yoyote, ya midahalo wala ya sayansi, na sijawahi kuwa kiranja. Nilichofanya nje ya masomo ni kuwafundisha hesabu watoto wa mtaa barazani kwetu kila Jumamosi, na daftari langu la unga. Kwa miaka 2 nimekuwa nikiandika unga umechukua muda gani kuumuka, maana wakati wa kusi tulikuwa tunachelewa na abiria wa matatu za kwanza wanatupita. Lakini hayo si mambo ya kuandikia chuo.

Naomba unijibu. Koleji hizi ni sawa na chuo kikuu? Niseme sina pesa au ninyamaze? SAT, ule mtihani wao wa kuombea chuo, ni lazima? Nitasomea udaktari huko? Na nikianza uuguzi Septemba huku nikiendelea kuomba, nitajiharibia?

Mkanda Unga,
Malindi

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu ndilo lenye tarehe. Mengine yanaweza kungoja.

Ukiripoti Septemba, ukasajiliwa na kusoma hata muhula mmoja wa digrii, vyuo vingi vya Marekani havitakuhesabu tena kuwa mwombaji wa mwaka wa kwanza. Utakuwa mwanafunzi anayehama, na mlango wa wanaohama ni mwembamba, hasa kwa mgeni asiye na pesa. Viko vyuo vinavyomlipia mgeni wa mwaka wa kwanza karibu kila kitu, lakini mgeni anayehama havimpi hata senti. Nimeona watoto wazuri wakinasa hapo. Walidhani wanajiwekea akiba, kumbe walikuwa wanajifungia mlango.

Pamoja na hayo, nafasi ya KUCCPS usiitupe. Hakuna hata chuo kimoja katika orodha ya binamu yako ambacho mtu mwenye akili anaweza kukitegemea. Amherst, na vingine vya aina yake kama Swarthmore na Pomona, huchukua chini ya 10 katika kila waombaji 100, na kwa wageni wanaoomba msaada mkubwa hali ni ngumu kuliko hivyo. Kwa hiyo mwandikie msajili wa chuo ulichopewa, uombe kuahirisha masomo kwa mwaka mmoja. Vyuo vyetu vinalo jambo hilo, ila wanafunzi wengi hawaulizi. Wakikubali kwa maandishi, una pa kurudi huku ukijaribu bahati yako. Wakikataa, kaa na wazazi wako muamue. Mimi kura yangu, wakikataa, ni uuguzi. Usibaki mikono mitupu kwa ajili ya barua pepe ya mwezi wa tatu.

Kwa sababu ndivyo ilivyo: fomu ya pamoja inayotumiwa na vyuo vingi, Common Application, hufunguliwa tarehe 1 Agosti. Mwisho wa kuomba kwa kawaida ni siku za mwanzo za Januari, majibu hutoka mwishoni mwa Machi, unatakiwa kujibu kufikia tarehe 1 Mei, na kuondoka ni Agosti. Mwaka mzima huo. Wanafunzi wetu wengi wa KCSE hupitia mwaka huu wa kati kwa sababu matokeo yetu hutoka Januari, wakati fomu zinafungwa. Hutaonekana mvivu.

Sasa mpe baba simu asome hapa.

Ndugu yangu, neno limekuponza. Kwetu Kenya koleji ni pale mtu anapokwenda kuchukua cheti au diploma. Na hata neno chuo lenyewe si la kuaminika. Utotoni kwangu chuo kilikuwa cha maalimu, tumekaa mkekani na juzuu zetu, na mpaka leo ukimwambia bibi wa Lamu kwamba mjukuu wake yuko chuoni atakuuliza amefika sura gani. Marekani wanalo vilevile fumbo lao. Ziko koleji za mtaani za miaka 2, na ziko hizi anazozisema binti yako, ambazo hutoa shahada ya kwanza kamili ya miaka 4. Zinakaa na wanafunzi 2,000 hivi, aghalabu katika mji mdogo, na hazina wanafunzi wa uzamivu au wanao wachache mno. Maana yake profesa hana wa kumkimbilia ila hawa watoto. Williams wana masomo ambayo darasa zima ni wanafunzi 2 na profesa. Wiki hii mmoja analeta alichoandika na mwenziwe anakikosoa, wiki ijayo wanabadilishana. Huwezi kujificha nyuma ya darasa.

Mwaka 1960 Wangari Maathai alisafiri na wale vijana waliopelekwa Marekani kwa mpango wa Tom Mboya. Hakushukia chuo kikuu chenye jina. Alishukia Atchison, Kansas, kwenye koleji ndogo ya wasichana iliyokuwa ikiendeshwa na masista wa Kibenedikto. Akasoma biolojia, akamaliza 1964. Yaliyofuata unayajua, mpaka Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004. Rais wetu wa nne, Uhuru Kenyatta, shahada yake ni ya Amherst, hiyohiyo iliyo kwenye orodha ya binti yako. Waambie wenzako pwani hivyo. Hujasema uongo kuhusu mtoto wako.

Mrudishie simu.

Kwa Kiingereza elimu ya vyuo hivi huitwa liberal arts, na watu wetu wakiitafsiri "sanaa huria" mambo huharibika. Mmoja atadhani ni kuchora na kuimba, mwingine atadhani ni Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Kinachokusudiwa ni kwamba huingii ukiwa umeshafungwa kwenye kozi moja kama KUCCPS inavyotufunga. Unasoma kemia, historia, hesabu na falsafa pamoja, kisha kufikia mwisho wa mwaka wa pili unachagua somo lako kuu. Grinnell na Amherst wamekwenda mbali zaidi: ukiacha somo moja maalumu la mwaka wa kwanza na yale ya fani utakayochagua, hawakulazimishi chochote. Kwa mtoto aliyelelewa na ratiba ya kengele, uhuru huo unaweza kumtia kizunguzungu. Jiulize kama unautaka kweli, maana vyuo vyenyewe vitakuuliza.

Na hapa nitakuudhi. Udaktari hutausomea huko. Marekani karibu hakuna udaktari wa kuingia moja kwa moja kutoka sekondari. Unachukua shahada ya miaka 4 kwanza, halafu unaomba skuli ya udaktari kwa miaka 4 mingine. Nyingi za skuli hizo hazipokei wageni kabisa, na baadhi ya zinazopokea hudai uweke karo ya miaka yote 4 kwenye akaunti kabla hujaanza. Ule ukarimu wa koleji unaishia langoni. Wako Waafrika waliopenya, lakini ni njia ya kuingia ukijua, usije ukaijua ukiwa mwaka wa tatu. Kama moyo wako ni kumgusa mgonjwa na si kingine, uuguzi ulio nao mkononi uko karibu zaidi na wodi kuliko biolojia ya Massachusetts. Lakini kama kinachokuwasha ni kutaka kujua kwa nini mwili unafanya unavyofanya, basi huko ni kwako: utafiti, afya ya jamii, maabara, na shahada ya uzamivu ya sayansi ambayo huko kwa kawaida hulipiwa karo na posho. Nimesoma lile jambo la daftari la unga mara tatu. Nina shaka zangu kuhusu wewe ni yupi kati ya hao wawili.

Tuje kwenye pesa, ambapo yule bwana wa Mombasa angekuzika.

Mwaka mmoja katika vyuo hivi, karo na kulala na kula, unakaribia dola 90,000 na pengine kupita. Hiyo ni zaidi ya shilingi milioni 11. Hakuna mahamri ya kulipa hiyo, na vyuo vinajua. Kinachotofautiana ni jinsi kila kimoja kinavyolitazama ombi la mgeni asiye na pesa. Viko vichache ambavyo havitazami mfuko wako kabisa wakati wa kuamua kukuchukua, hata kama wewe ni mgeni. Amherst imo humo tangu 2008, na Bowdoin ilijiunga 2022. Hapo kusema huna pesa hakukupunguzii chochote. Kisha viko vinavyotazama mfuko wa mgeni, kwa maana bajeti ya wageni ina kikomo, lakini wakikuchukua wanajaza pengo lote kati ya gharama na uwezo wa wazazi wako: Williams, Wellesley, Smith, Mount Holyoke, Macalester. Hapo, ni kweli, kuomba msaada mkubwa kunafanya ushindani uwe mkali. Halafu kuna vyuo vingi sana, vizuri tu, ambavyo vitakuandikia barua ya pongezi na kukupa nusu ya gharama, ukabaki na deni la zaidi ya milioni 5 kwa mwaka na barua ya kuning'iniza ukutani. Hivyo viondoe kwenye orodha sasa hivi, hata kama picha zao ni nzuri.

Berea, iliyoko Kentucky, ni ya namna yake. Ilianzishwa 1855 na watu waliopinga utumwa, haimtozi mwanafunzi yeyote karo, na kila mmoja hufanya kazi chuoni angalau saa 10 kwa wiki. Wageni inaowachukua kila mwaka ni wachache. Kwa msichana anayeamka saa kumi alfajiri kukanda unga, mimi ningeiweka kwenye orodha bila kufikiri mara mbili.

Sasa ushauri wa kunyamaza. Katika vyuo vingi, mgeni asiyeomba msaada wakati wa kutuma maombi haruhusiwi kuomba baadaye, pengine kwa miaka yote 4. Ungenyamaza, ukaingia, kisha ukagundua umeahidi kulipa milioni 11. Omba msaada siku ile ile unayoomba nafasi, na useme kweli yote. Fomu ya fedha inayotumika sana huitwa CSS Profile, nayo ina ada yake. Iandikie ofisi ya misaada ya kila chuo uulize kama watakuondolea ada hiyo au kama wanayo fomu yao ya bure. Ada ya maombi yenyewe husamehewa mara nyingi, na Grinnell haitozi kabisa. Watataka ushahidi wa mapato, na baba hana hati ya mshahara. Basi: barua ya BMU, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, ya pwani yenu kuhusu uvuvi wake, taarifa za M-Pesa za mama za mwaka mzima, barua ya chifu, na ukurasa mmoja wa maelezo yako kwa Kiingereza rahisi, kwamba mwezi wa kusi kali baba haendi baharini siku ngapi na mama huuza mahamri mangapi. Watu wale husoma maelezo. Jua pia kwamba pengo linapigwa hesabu na wao. Wakisema wazazi wana uwezo wa dola 500 kwa mwaka, hizo mtazitafuta. Na kabla ya kuondoka kuna za mfukoni mwenu: ada ya SEVIS, daftari la serikali ya Marekani la wanafunzi wageni, peke yake ni dola 350, viza 185, na usishangae zikipanda.

Insha ina nafasi ya maneno 650 yasiyozidi. Yule bwana anataka machozi. Mwanangu, wanaosoma maombi hayo husoma maelfu, na insha za umaskini wa Afrika zilizoandikwa na mawakala wanazitambua kwa harufu. Zaidi ya hapo, umeniambia hamlali njaa. Ukiandika mnalala njaa umemsingizia mama yako.

Umelitaja daftari la unga kama mtu anayeomba radhi. Hebu fikiria nilichokiona mimi. Mtoto ana tatizo: wakati wa kusi kuna ubaridi, unga unachelewa, wateja wanapita. Hakusubiri mtu amwambie afanye nini. Akachukua saa na kalamu, akaandika kila siku kwa miaka 2. Je, ulibadilisha hamira? Ulipasha tui joto kabla ya kutia? Ulihamisha sufuria karibu na jiko? Ulikosea wapi? Mama alisemaje ulipomwambia kipimo chake cha mkono si sawa kila siku? Nataka kuyajua hayo, na nikiwa mimi mzee wa Mombasa niliyekula mahamri maisha yangu yote nataka kuyajua, sembuse profesa wa kemia wa Maine. Insha ni hiyo. Sitakuandikia hata sentensi moja, wala usimpe mashine ikuandikie. Iandike vibaya kwanza, iache wiki moja, kisha uirudie.

Kwenye fomu kuna nafasi 10 za shughuli, kila moja maelezo ya herufi 150 tu. Wengi hudhani ni za klabu na vikombe. Miongoni mwa makundi ya kuchagua kuna kazi ya kipato na kuna majukumu ya familia, yameandikwa wazi. Saa kumi alfajiri, siku 6 kwa wiki, miaka mingapi: iandike kwa namba. Watoto wa baraza: wangapi, hesabu gani, na yupi alikuwa hajui kugawanya sasa anajua. Nafasi 3 zilizojaa kweli zinatosha. Usizijaze 10 kwa kubuni.

Kuhusu barua za walimu nina la kukiri. Nilikuwa mwalimu wa masomo na ushauri kwa miaka mingi katika skuli moja hapa pwani, na barua ya kwanza niliyomwandikia mwanafunzi wa kwenda vyuo hivi niliiandika kama cheti cha kumalizia skuli: mtiifu, mwenye nidhamu, mcha Mungu, mkono wake si mrefu. Nilijivuna nayo. Yule kijana alikuwa ametengeneza redio kwa vyuma chakavu akawa anatusikilizisha mpira bwenini, nami sikulitaja, kwa sababu kanuni za bweni zilikataza redio. Hakupata. Siwezi kusema ni kwa ajili yangu, lakini sijasahau. Mwalimu wako wa kemia na wa hesabu watafanya vilevile usipowasaidia. Waendee nyumbani au skuli, uwape karatasi moja ya kuwakumbusha: ile siku ulipobisha jibu la kitabu, lile jaribio lililoharibika. Mkuu wa skuli naye ana sehemu yake ya fomu, na ripoti zako za kidato cha kwanza mpaka cha nne atazipeleka yeye, kutoka anwani ya barua pepe ya skuli. Mwombe mapema. Walimu wetu hawana hila, wana kazi nyingi tu. Mtu "anayeshughulikia mwenyewe" barua hizo anaghushi, na ikigundulika hata ukiwa umeshafika huko, unarudishwa.

Kwa hiyo 150,000 ibaki, na bangili za mama zibaki mkononi mwake. Hakuna binadamu anayeweza kuahidi nafasi. Ushauri wa bure unapatikana kwa EducationUSA, mtandao wa serikali ya Marekani wenye washauri Nairobi, na unaweza kuwaandikia. Tazama pia kama Zawadi Africa inapokea maombi mwaka huu. Ilianzishwa 2002 na Susan Mboya, binti wa yule Tom, kwa ajili ya wasichana wenye akili wasio na uwezo. KenSAP nayo ilianza 2004 kule Bonde la Ufa na huwaandaa vijana wa KCSE kwa vyuo hivi hasa. Nao wanachuja vikali. Jaribu tu.

SAT katika vingi vya vyuo hivi ni hiari. Bowdoin waliacha kuilazimisha tangu 1969, kabla mama yako hajazaliwa. Kama unaweza kujiandaa kwa simu na kupata pesa ya kituo, fanya mara moja. Ikiwa nzuri peleka, ikiwa mbaya nyamaza. Lakini soma ukurasa wa kila chuo mwaka huu, maana wengine wamekuwa wakiirudisha. Mtihani wa Kiingereza pengine hutauhitaji, kwa kuwa umesomeshwa kwa Kiingereza. Thibitisha kwa kila chuo.

Utasikia pia kuhusu maombi ya mapema, ya Novemba, majibu Desemba. Hayo ni ya kujifunga: chuo kimoja tu, na wakikuchukua unakwenda. Yanasaidia kwa sababu wanakuona umewataka wao, na ikiwa msaada hautoshi wanakuachilia. Kwako ningechagua kimoja kinachojaza pengo lote, nikaenda nacho.

Mama, nawe nina neno. Mount Holyoke, iliyoanza 1837, Smith na Wellesley zote ni za wanawake, zote ziko Massachusetts. Binti akiandika kuuliza kama jikoni kwao kuna nyama ya halali, Waislamu wanaswali wapi, bima ya afya inalipwa na nani, na kama mabweni yanafungwa likizo ya baridi au mgeni anaruhusiwa kubaki, watamjibu, na jibu lenyewe litakuonyesha ni watu wa namna gani. Hilo la likizo msilisahau. Wengi hulikumbuka Desemba theluji imeshafika magotini. Na kama Marekani ni mbali mno kwa moyo wako, iko Ashesi nchini Ghana, iliyofunguliwa 2002 na Patrick Awuah, Mghana aliyesoma Swarthmore akarudi kwao na mtindo uleule. Imeegemea biashara, kompyuta na uhandisi, kwa hiyo kwa binti huyu si kipimo chake hasa, ila ni ndege moja tu ndani ya Afrika.

Mkanda Unga, barua ya kuahirisha iandike wiki hii, nakala 2, moja ipigwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Halafu nitumie picha ya ukurasa mmoja wa daftari, wowote wa mwezi wa saba. Nataka kuona uliandika nini siku mahamri yalipokataa kuumuka.